Kiti cha Nyakatundu

Kosa nililifanya mimi, tena nilikuwa nimekunywa chai tu, kwa hiyo sina hata pombe ya kusingizia. Ilikuwa Jumamosi, saa nane mchana, sebuleni kwangu hapa Dilala, mtaa wa Kolwezi, mbele ya watu waliosafiri siku mbili kuja kumposa binti yangu. Hakuna aliyeniomba hotuba. Nilijipa nafasi mwenyewe, nikasimama, nikafunga kifungo cha koti, na katika muda wa dakika ishirini hivi nikaiua ndoa ya Abigaëlle.

Naitwa Omer. Nimefundisha historia miaka thelathini na minne katika shule ya sekondari ya mtaa huu wa nyumba za kampuni ya zamani, nyumba zinazofanana hadi mlevi anaweza kuingia kwa jirani na kudai chakula chake. Wanafunzi waliniita Tata Mpaka, yaani Baba Mpaka. Walidhani sijui. Jina lilitokana na somo langu moja, ambalo nililirudia kila mwaka hata pale ratiba ilipotaka jingine. Nilichora ubaoni nchi ya Walunda jinsi ilivyokuwa kabla Mzungu yeyote hajaijua: Musumba katikati, kwenye kiti cha enzi cha Mwant Yav, mfalme wao, na kutoka hapo machifu wakitumwa pande zote, kuelekea chumvi, kuelekea shaba, kuvuka Kasai, kushuka hadi vyanzo vya Zambezi, kila mmoja na kiti chake. Kisha nilichukua chaki nyekundu. Mwaka 1891, kule Lisbonne kwa Wareno, mstari wa kwanza. Mwaka 1894, mstari wa Waingereza. Kipande Angola, kipande Zambia, kipande kwetu. Nikifika hapo nilikuwa nakasirika kweli, chaki inavunjika, na watoto wa dawati la mbele wanapangusa vumbi kwenye madaftari yao.

Hasira hiyo ilikuwa na sababu ya nyumbani. Babu yangu alikuwa chifu. Alikalia kiti cha Nyakatundu, katika kijiji kimoja mbele ya Mutshatsha, na picha yake iko ukutani kwangu, medali ya serikali ya Wabelgiji kifuani, macho makali. Kiti hicho kilikwenda kwa baba yangu, na baba alipofariki kikanijia mimi. Sikai kijijini, wala hakuna anayenipigia ngoma, lakini mgeni akikaa chini ya picha ile, lazima asikilize.

Na kiti kwa Walunda si jambo dogo. Mtu akikirithi harithi heshima peke yake, anarithi mtu mzima: jina lake, watoto wake, ndugu zake, hata ugomvi wake. Kama aliyekalia kiti fulani miaka mia tatu iliyopita alikuwa mama wa aliyekalia kiti kingine, viti hivyo ni mama na mtoto hadi leo, hata kama mama wa leo ana ndevu. Nyakatundu ni mama. Mtoto wake ni kiti cha Samuchima, ambacho mstari wa Waingereza ulikitupa upande wa Zambia, karibu na Ikelenge. Hayo nilifundishwa na baba kabla sijajua kusoma.

Sasa, huyo kijana. Kwao Zambia anaitwa Enoch, sisi Kolwezi tukamwita Hénock naye akakubali. Ni fundi wa pampu kule Kingamyambo, mahali wanaposafisha upya mabaki ya madini, na Abigaëlle anafanya kazi katika maabara ya hapohapo. Miaka miwili alikuwa akija kwangu kila Jumapili, akaijua hadi sauti ya mlango wetu, na Kiswahili chake kikawa kama chetu. Nilimpenda, nasema wazi. Kuhusu kwao aliniambia neno moja tu, kwamba mjomba wake ni chifu mdogo na kwamba huyo ndiye angekuja kusema kwa niaba ya ukoo. Mimi naye nilimwambia tu kwamba babu alikuwa chifu; jina la kiti nilikuwa nalitunza kwa ajili ya wakubwa wake.

Mjomba akaja Jumamosi ile. Mzee mfupi, mkimya, koti la kijivu, viatu vimesuguliwa hadi vinang'aa licha ya vumbi la njia nzima. Mke wangu Mado alimpa kiti kizuri, Abigaëlle akaleta maji ya kunawa na chai. Mzee alisema kwa Kilunda, ambacho nakisikia vizuri ila nakisema kama mtu anayesoma kitabu, nami nayaandika maneno yake hapa kwa Kiswahili.

"Mimi ni Samuchima," akasema. "Nimekuja kwa ajili ya mtoto wa dada yangu, ambaye ndiye atakayekalia kiti changu nikiondoka."

Miaka thelathini na minne nachora mstari mwekundu ubaoni, na siku hiyo mtu kauvuka kwa miguu yake, kaja kukaa chini ya picha ya babu. Ningenyamaza vipi? Nilisimama. Nilianzia Musumba. Nikachora Kasai juu ya kitambaa cha meza kwa kidole, nikavuka, nikarudi, nikawatukana Wareno, nikawatukana Waingereza, nikafika 1894 na machozi yakanilenga. Mado alinikanyaga mguu chini ya meza. Niliusogeza mguu nikaendelea.

"Kwa hiyo, mzee wangu," nikamalizia, "usinione kama mkwe. Umefika kwa mama yako. Mimi ndiye Nyakatundu."

Nilikaa, nikasubiri afurahi.

Mzee Samuchima aliweka kikombe mezani. Alitazama picha ukutani, akamtazama Hénock, kisha akatazama viatu vyake muda mrefu. Hatimaye akasema kwa upole sana kwamba kama mambo ndivyo yalivyo, kama mwenye nyumba alivyosema, basi binti wa nyumba hii ni dada yake Samuchima. Na Hénock kesho atakuwa Samuchima. Mtu haoi dada yake. Yeye hakuwa na la kuongeza. Wangepumzika kwa jamaa mmoja mjini hadi Jumatatu, wangepita kuaga, kisha wangerudi kwao.

Hapo ndipo niliposikia nilichokuwa nimesema. Naapa, sikuwa nimefikiri. Nilifikiri juu ya falme na mistari, na katikati ya falme na mistari nikasahau kwamba kuna wasichana wanaotaka kuolewa.

Hénock alisimama akiwa amepauka. Abigaëlle alikusanya vikombe kimoja baada ya kingine, akavipeleka jikoni, na tangu saa ile hakunisemesha. Nikigonga mlango wake, anamjibu mama yake.

Mado hakungoja wageni wafike barabarani.

"Omer, nani alikuomba leçon ya shule?"

"Nilitaka kumupa ile muzee heshima."

"Ulitaka kujipa wewe. Bantu banakuya kuomba bibi, wewe unawapa jiografia."

"Historia," nikasema, na hilo lilikuwa kosa la pili la siku hiyo.

Tulijaribu kutafuta pa kutokea. Mado aliuliza kama padri hawezi kuwafungisha tu ndoa, bila viti. Nikampigia Hénock. Kijana alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini: "Tata, mi siwezi kumupita mujomba. Yeye njo alinikomalisha tangu mutoto. Na kama ningemupita, Abigaëlle mwenyewe angenikataa." Nilijua anasema kweli. Nilimlea mimi huyo Abigaëlle.

"Kesho asubui unaenda ku Mutshatsha, kwa tantine Fidélie," Mado akaamua. "Kama kuko njia ya kufungua hii kamba, yeye njo anaijua."

Tantine Fidélie ni dada mdogo wa baba yangu. Ana miaka themanini na tisa, na ndiye mtu wa mwisho katika ukoo wetu aliyekaa katika nyumba moja na babu. Jumapili alfajiri nilimchukua Dodo, mwenye taxi-moto, pikipiki ya abiria, wa kona yetu, baba wa watoto wanne, ambaye nilimfundisha zamani na kumpa alama nne juu ya kumi. Hajaisahau. Kila shimo barabarani alilipitia katikati, kisha akageuza kichwa kuuliza kama professeur bado yuko nyuma. Malori ya makaa yalitupita, tukala vumbi jekundu, na ilipofika saa nne nilishuka Mutshatsha nikitembea kama bata.

Tantine alikuwa uani anaanika muhogo juu ya bati. Alinitazama juu hadi chini.

"Umenona," akasema. "Kula kwanza."

Hakuna kumsemesha tantine Fidélie kabla ya kula. Nilikula bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikanawa, nikamsimulia yote: Hénock, mzee mwenye koti la kijivu, hotuba yangu, mama na mtoto. Nilimwambia nimekuja kuuliza kama kuna desturi ya kuuvunja undugu wa viti, mnyama wa kuchinja, maji ya kunyunyiza, lolote. Nilisema nitafanya chochote.

Yeye alicheka. Alicheka hadi akakohoa, akashika bati la muhogo asianguke.

"Omer, mutoto yangu. Nani alikuambia sisi njo Nyakatundu?"

"Baba."

"Babako alikuwa anaona haya." Alijifuta macho kwa kitambaa. "Nyakatundu wa kweli alikuwa mwanamuke. Mama mukubwa, mwenye sauti. Bazungu bakaanza kuhesabu bantu juu ya kodi na juu ya kazi ya barabara. Siku moja ya soko akakusanya bantu yake yote, ngoma, mbuzi, batoto ku mugongo, bakapanda kule juu mayi inagawana, ingine inakuya ku Lualaba, ingine inaenda ku Zambezi. Bakashukia upande wa ba-Anglais. Hapa ikabaki majivu na kuku mbili."

"Na babu?"

"Ngoja. Muzungu anafika na karatasi yake. Ile karatasi inaomba jina ya chef. Anaangalia huku, anaangalia huku, hakuna muntu. Nani eko karibu? Kalumba, baba yangu. Kalumba wa Bukama, Muluba. Alikuwa anamubebea Muzungu beseni ya kuoga ku kichwa, ile kubwa ya bati, tangu Bukama mupaka hapa. Muzungu akamuambia: weka beseni chini, wewe njo Nyakatundu. Akamuvalisha medali."

Nadhani mdomo ulikuwa wazi, kwa sababu nzi mmoja alijaribu kuingia.

"Unadanganya, tantine."

"Mi? Baba mwenyewe alinisimulia, na alikuwa anacheka. Kisha akaoa mwanamuke Mulunda, jirani, njo sisi tunajua luga. Babako njo hakutaka kucheka." Aligeuza kipande cha muhogo. "Na wewe, professeur, hata siku moja haukujiuliza? Huku kiti inapita kwa mutoto wa dada. Ile ya Samuchima inapita kwa nani? Kwa mutoto wa dada. Yetu ilipita kwa nani? Kwa babako, mutoto wa Kalumba. Kisha kwako. Vile Bazungu banafanyaka."

Alama nne juu ya kumi, hizo nilistahili mimi. Jambo lilikuwa mbele ya macho yangu maisha yangu yote. Nilikuwa nimewasahihisha watoto wa watu maelfu kwa makosa madogo kuliko hilo.

Nilikasirika kwanza. Nilimkasirikia baba, nikamkasirikia yule Mbelgiji aliyenitungia ukoo kwa karatasi, nikamkasirikia hata babu na beseni lake. Nilitembea hadi mwisho wa ua nikarudi. Halafu, nikiwa katikati ya ua, nikaelewa. Kama mimi si Nyakatundu, basi mimi si mama wa mtu. Kama mimi si mama wa mtu, Abigaëlle si dada wa Samuchima. Abigaëlle ni kitukuu wa mbeba beseni wa Bukama, na kitukuu wa mbeba beseni anaweza kuolewa na mtu yeyote anayemtaka. Nilikaa chini kwenye vumbi, mwalimu mzima na suruali ya kanisani, na machozi yakanitoka kwa furaha, sioni aibu kusema. Sijawahi kufurahi hivyo kupoteza kitu.

Tantine aliniacha nimalize. Kisha akasema, bila kunitazama: "Kama unaona haya kusema ile ya beseni, sema tulichinja kuku mweupe, kamba ilifunguka. Mi nitakubali. Nani ataniuliza, mi muzee?"

Nakiri kwamba nusu ya njia ya kurudi nilikuwa nimeshamchinja kuku yule. Nilimwona kabisa, mweupe, na mimi nimesimama mbele ya Samuchima nikieleza desturi kwa sauti ya ubaoni, picha ya babu nyuma yangu, kila kitu mahali pake. Binti angeolewa na mimi ningebaki Nyakatundu. Nani angeumia?

Lakini Hénock siku moja atakalia kile kiti. Mimi ningekuwa nimempa uongo wa kukalia, na yeye angewafundisha watoto wa Abigaëlle, kama baba alivyonifundisha mimi. Ningekuwa yule Mzungu na karatasi yake. Hilo lilinikera hadi nikampiga Dodo begani bila kukusudia, akasimamisha pikipiki akidhani nimeanguka.

Tulipumzika kidogo chini ya nguzo za umeme. Nilifikiri juu ya mistari yangu myekundu. Nisieleweke vibaya: mpaka ule bado ni upuuzi, na waliouchora hawakujua hata kinachoota hapo. Lakini usingekuwapo, mama yule mwenye sauti angekosa mahali pa kukimbilia, angebaki kijijini na ngoma yake, Kalumba angelibeba beseni tupu hadi Bukama, na mimi nisingezaliwa nije kuulaani. Na huyo Abigaëlle je? Nilimwambia Dodo tuendelee. Siku hiyo sikuwa na nguvu ya kumwomba mtu msamaha, achilia mbali mstari.

Jumatatu walipita kuaga saa tatu asubuhi, kama mzee alivyosema. Hénock alikuwa amebeba mfuko wa mjomba wake na macho yake yalikuwa mekundu. Mado alikuwa amepika tangu alfajiri, bukari na samaki, kwa watu ambao kwa mujibu wa kila kitu walikuwa wanaondoka. Sikumwuliza kwa nini. Nilikuwa nimemwambia Jumapili jioni, naye akanitazama kwa muda, akasema tu: "Kesho usifunge ile kifungo ya koti."

Niliwaomba wakae. Mimi nilibaki nimesimama, koti wazi. Nilisema kwa Kiswahili, ili Abigaëlle asikie kutoka kinywani mwangu, na Hénock akawa anamtafsiria mjomba wake.

"Jumamosi nilisema mi ni Nyakatundu. Nilidanganya, ila sikujua kwamba nadanganya. Jana niliambiwa na dada ya baba yangu. Nyakatundu wa kweli alivuka kwenda upande wenu zamani za babu zetu. Huyu munayemuona ku ukuta ni Kalumba, Muluba wa Bukama. Alikuwa anabeba beseni ya kuoga ya Muzungu. Kiti alipewa siku hakukuwa na muntu mwingine. Mi si mama ya Samuchima. Mi si kitu kwa Samuchima. Nilikuwa nataka tu kuonekana mukubwa, na mutoto yangu njo alilipa."

Hénock alitafsiri hadi kwenye beseni, akasita, akanitazama kama anayeomba ruhusa. Nikamwashiria aendelee. Akalisema beseni.

Mzee Samuchima alisikiliza hadi mwisho. Kisha akafanya jambo ambalo sikulitegemea: alivua koti lake la kijivu, akalikunja, akaliweka magotini, na akashusha pumzi ndefu, ya mtu aliyefika.

"Asante," akasema. "Siku mbili sikupata usingizi."

Sikuelewa.

"Nyakatundu tunamjua," akasema. "Anakaa ng'ambo ya kijito kutoka kwangu. Ni mwanamke, hajafika hata miaka arobaini, analima mananasi na ana mdomo mkali. Kila mwaka naenda kumpigia makofi ya heshima, mimi na mvi zangu, namwita mama. Kabla ya kuja huku nilikwenda kumwomba ruhusa. Yeye mwenyewe alinituma, akasema nenda, niletee huyo bibi arusi nimwone."

"Ulikuwa unajua," nikasema. "Tangu Jumamosi."

"Wazee wetu walikuwa wakisema kwamba huku kwenu amekaa mtu wa kubeba mizigo. Mizigo gani, hatukujua." Nilimwona akijizuia kucheka, na akajizuia vizuri, kwa adabu. "Sasa ungefanyaje wewe? Nimekaa nyumbani kwako, nimekunywa chai yako, mke wako yuko hapo, binti yako yuko hapo. Unaniambia kwa machozi kwamba wewe ni mama yangu. Nikuambie kwamba babu yako si yule unayemjua? Mgeni hawezi. Lakini kukubali pia sikuweza, maana mama yangu yupo, na angesikia. Nikasema Jumatatu. Sikuwa na mpango. Nilitaka tu siku mbili za kutafuta maneno, na sikuyapata. Leo asubuhi nilikuwa nimeamua kuondoka hivyohivyo na huzuni ya kijana wangu, kuliko kukuvunjia heshima mbele ya watoto."

Hénock alikuwa ameshika kichwa. "Mujomba," akasema kwa Kiswahili, akasahau kwamba mzee hakijui, "na mi? Nilizania kuko ba Nyakatundu babili. Juu ya nini haukuniambia?"

Sikusikia mzee alivyomjibu, kwa sababu nilikuwa nacheka. Mado alianza kabla yangu, kule jikoni, mikono imejaa unga. Wanaume wawili wazima, mmoja na historia yake na mwingine na adabu yake, siku mbili nzima tumeipotezea nyumba hii usingizi kwa kuheshimiana. Mzee naye akaacha kujizuia. Alicheka bila sauti, mabega tu yakipanda na kushuka, na baada ya hapo hewa ya chumba kile ikapumulika tena.

Tulipotulia, aliniuliza swali, na aliliuliza kwa makini, kama chifu.

"Kama wewe si mama yangu, nikuite nani?"

Nilifikiri. Ualimu nilistaafu. Nyakatundu sikuwahi kuwa. Mjukuu wa Kalumba wa Bukama ningeweza kusema, lakini hilo nilikuwa nimelipata jana tu, na bado lilinibana.

"Niite baba ya Abigaëlle," nikasema.

Hénock akatafsiri. Mzee akalirudia jina polepole, akijikwaa katikati, akalirudia tena hadi likakaa sawa mdomoni mwake, akaanza kunipigia makofi ya salamu, yale ya mkwe kwa mkwe. Nilikuwa nimesimama mlangoni mwa jikoni, sijui mikono niiweke wapi. Nyuma yangu alikuwapo mtu na sahani nne.

"Tata," Abigaëlle akasema, "sogea kidogo. Banasikia njala."

Nikasogea.